Wali wa Nazi: Elimu Iliyofichwa Mkononi

Ilikuwa siku ya pili ya Idi, nyumbani kwa jamaa zetu mjini Tanga. Bi harusi alikuwa na wiki tano tu katika nyumba ile, na siku hiyo alikabidhiwa jiko ili awapikie wageni wali wa nazi. Sinia lilipoletwa, mwiko ulizama ndani ya wali kama unavyozama katika uji. Juu ulikuwa bokoboko, chini umeungua, na katikati punje zilikuwa zingali na kiini. Hakuna aliyemtukana. Mmoja wetu alikohoa, mwingine akasema kwa upole wenye miiba kwamba samaki ametokea vizuri sana, na waliobaki wakatazamana. Binti yule alisimama mlangoni, ukingo wa mtandio mdomoni, kisha akarudi jikoni na hakutoka tena mpaka wageni walipoaga.

Sisi tulikuwapo, na tulinyamaza. Hilo ndilo lililotusukuma kuandika makala haya.

Siku chache baadaye tulimwendea na kumwuliza kwa faragha ni nani aliyemfundisha kupika wali. Jibu lake halijatutoka. Alisema kwamba kila alipouliza tui litiwe kiasi gani, kwao na hapo alipoolewa, aliambiwa, “Tia kiasi.” Alipouliza kiasi ni kipi, aliambiwa, “Utakijua mwenyewe.” Basi akatia kiasi, na kiasi kikamwaibisha mbele ya wakwe.

Ndugu msomaji, ni mara ngapi nasi tumewajibu mabinti zetu hivyo? Tumeigeuza elimu kuwa siri, kisha tukamcheka asiyeijua siri hiyo. Makala haya yanataka kusema neno moja: wali wa nazi si kipaji cha kuzaliwa nacho. Ni elimu yenye vipimo na sababu, na mwenye elimu hana budi kuitoa.

Chakula chenye nasaba

Kabla ya kuingia jikoni, inafaa tukumbuke kwamba wali ni chakula chenye historia ndefu katika Mwambao wetu. Watafiti wa mambo ya kale waliochimba Tumbe na Chwaka, kaskazini ya Pemba, walizichunguza nafaka zilizoungua katika majiko ya wenyeji wa zamani. Waligundua kwamba watu wa mwanzo walitegemea zaidi uwele, na kwamba mpunga ulikuja kushika nafasi ya mbele kuanzia karne ya 11 hivi. Msafiri mashuhuri Ibn Battuta alipopita pwani hii mwaka 1331, alikirimiwa Mogadishu kwa wali uliopikwa kwa samli, ukiwa na vitoweo juu yake na achari za ndimu, pilipili na tangawizi mbichi pembeni. Tangu enzi hizo, basi, mgeni wa heshima alikuwa akipakuliwa wali.

Lugha yenyewe inashuhudia mapenzi hayo. Zao likiwa shambani twaliita mpunga, likikobolewa huwa mchele, likiiva huwa wali. Tunda la mnazi nalo lina majina ya umri kama mtoto anayekua: kidaka, kitale, dafu, koroma, kisha nazi, ikikaushwa nyama yake huwa mbata. Watu hawakipi kitu majina mengi namna hiyo ila wamekikalia na kukitazama kwa karne nyingi.

Siku tuliyoupima mkono

Tulimwomba bibi yetu mmoja, aliyevuka miaka 70 na ambaye wali wake husifiwa mtaa mzima, atupikie huku tukimtazama. Tulimchukua na yule bi harusi. Tulikwenda na mizani, kikombe cha kupimia cha robo lita na saa. Bibi alicheka sana alipoviona. “Mimi sipimi, wajukuu zangu,” alisema. “Mimi hutazama tu.”

Tukamwomba jambo moja: kila atakachokichota kwa mkono, kabla hakijaingia chunguni, kipite kwanza katika kikombe chetu. Alikubali kwa shingo upande. Tulimpikisha siku mbili tofauti. Siku ya pili tulipolinganisha tulichokiandika, vipimo vilikuwa karibu sawa. Tofauti haikufika nusu kikombe. Tulipomsomea, alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Kumbe miaka yote nilikuwa napima!”

Naam, alikuwa akipima. Mkono wake ulikuwa kikombe na jicho lake lilikuwa mizani. Yafuatayo ndiyo tuliyoyapata, pamoja na sababu zake.

Nazi na tui

Kazi huanzia sokoni. Nazi njema ni nzito mkononi na ukiitikisa husikika maji. Itazame kwenye macho yake matatu. Yakiwa na unyevu au ukungu, iache. Usidanganywe ukapewa koroma, kwani nyama yake haijakomaa na haitoi tui la maana. Ukivunja, onja maji na unuse nyama ya kila nazi peke yake kabla ya kuichanganya na nyingine. Wahenga waliosema kwamba nazi mbovu ni harabu ya nzima walikuwa wakizungumzia tabia za watu, lakini jikoni msemo huo ni kweli tupu: kipande kimoja kilichochacha huharibu chungu kizima.

Katika kukuna, Bibi aliketi juu ya mbuzi na kuizungusha nazi polepole, akikuna nyama nyeupe na kuacha mara alipoyakaribia maganda ya kahawia yaliyogusana na kifuu. Maganda hayo hulitia tui weusi na kulipunguzia utamu. Wanaotumia mashine za sokoni nao wamwombe mkunaji asichimbe mpaka kwenye kifuu.

Kisha hufuata jambo ambalo wengi hulikosea: maji ya kukamulia. Bibi alitumia maji ya uvuguvugu, nasi tulitaka kujua kwa nini. Mafuta ya nazi huanza kuganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 24 hivi za Selsiasi. Maji baridi, hasa ya friji, huyagandisha mafuta ndani ya machicha, ukabaki kukamua maji meupe yasiyo na kitu. Maji ya uvuguvugu huyalegeza yakatoka.

Kwa nazi mbili kubwa alitia kwanza kikombe kimoja na nusu cha maji, akafikicha, akakamua kwa kifumbu. Lilitoka tui zito la kwanza, vikombe viwili. Hilo ndilo kasimile, nalo aliliweka kando na kulifunika. Alirudia kukamua mara mbili kwa vikombe vitatu vya maji kila mara, akapata tui jepesi, vikombe sita. Hakuyachanganya matui hayo hata kidogo. Machicha yaliyobaki hakuyatupa. Yaliwangoja kuku, na vifuu vilikwenda kuwa kuni. Hapo tulikumbuka kwamba israfu imekatazwa hata katika vitu vidogo.

Mchele

Kwa nazi mbili Bibi alipika kilo moja ya mchele, ambayo ni vikombe vitano vya robo lita. Aliupepeta katika ungo, akachagua mawe na chuya, kisha akauosha kwa maji matatu pasipo kuusugua. Kuosha huondoa unga wa wanga ulioshika nje ya punje, ambao ukiachwa hugeuka gundi. Kusugua huvunja punje, na punje iliyovunjika hutoa wanga mwingine.

Alituuliza pia kama mchele tuliomletea ulikuwa mpya au wa zamani. Hatukujua. Alichukua punje chache, akazitafuna, akasema, “Huu mpya.” Mchele uliovunwa karibuni bado una unyevu wake, kwa hiyo haunywi tui jingi, mchele uliokaa miezi mingi ghalani umekauka na una kiu. Hii ndiyo sababu kubwa ya mtu kupika vizuri mwezi huu na kuharibu mwezi ujao kwa vipimo vile vile. Kwa mchele mpya aliondoa kikombe kimoja katika tui jepesi. Mchele uliolowekwa nusu saa nao hupunguziwa, kwa kuwa umekwisha kunywa. Asemaye kwamba mchele ni mmoja na mapishi ndiyo mbalimbali hakukosea, ila nasi twaongeza kwamba hata mchele wenyewe si mmoja.

Moto

Tui jepesi lilitiwa chunguni pamoja na chumvi, vijiko viwili vya chai. Bibi alilikoroga mfululizo mpaka likachemka. Tui likichemka kwa nguvu bila kukorogwa hukatika: mafuta huelea juu, na maji hubaki chini na vibonge vyeupe. Lilipochemka alitia mchele, akakoroga mara moja ili usigandane, akafunika nusu, akaliacha jiko katika moto wa wastani. Hakugusa tena. Bi harusi alinyoosha mkono kuchukua mwiko, Bibi akamzuia kwa upole: “Uache mwanangu, unakunywa.”

Hapa pana siri ya bokoboko. Punje ya mchele hunywa na kuvimba polepole. Wakati huo ni laini kwa nje, na kila ukiipiga mwiko huichubua ikatoa wanga, na wanga ndio unaogeuza wali kuwa uji. Kwa hofu ya kuunguza, mpishi mchanga hukoroga. Na kwa kukoroga huleta lile analolihofia, maana wanga ukizama chini huganda na kuungua.

Baada ya dakika 12 hivi, tui lilikuwa limezama na vitundu vilionekana juu ya mchele. Ndipo Bibi alipomimina kasimile, akaupitisha mwiko kutoka pembeni kwenda katikati mara mbili tu, akifunua badala ya kukoroga. Tuliuliza kwa nini kasimile lisitiwe tangu mwanzo. Sababu ni mbili. Kwanza, tui zito lina mafuta na utamu mwingi, likikaa sana juu ya moto hukatika na kushika chini ya chungu. Pili, likija mwishoni huipaka punje iliyokwisha kuvimba, zikaachana moja moja, na harufu yake haipotei na mvuke.

Lilipotokota kidogo alipunguza moto wa chini, akafunika, akapalia: yaani akayapanga makaa juu ya kifuniko. Makaa ya juu huzuia mvuke usigeuke matone yakaudondokea wali, na joto huufikia kutoka pande zote. Dakika 20 baadaye alifunua, na harufu ikatoka mpaka barazani.

Mwenye jiko la gesi au la umeme asikate tamaa. Afunge kifuniko kwa kitambaa safi kikavu, ncha zake zikikunjwa juu mbali na moto, ili kinywe mvuke. Na aweke kipande cha bati nene chini ya sufuria ili moto usiupige wali mahali pamoja. Anayetumia tui la kopo au la pakiti naye hana haja ya kuona haya, kwani si kila mji una nazi na si kila mama ana saa mbili. Achukue nusu yake alichanganye na maji kuwa tui jepesi la kuivishia, na nusu ya pili aiweke iwe kasimile.

Vipimo kwa ufupi

Kwa watu wanane hadi kumi: mchele kilo 1 (vikombe 5 vya robo lita), nazi kubwa 2, tui jepesi vikombe 6, au vikombe 5 ikiwa mchele ni mpya au umelowekwa, kasimile vikombe 2, chumvi vijiko 2 vya chai. Tui jepesi lichemke kwa kukorogwa, mchele uive dakika 12 hivi bila kuguswa, kasimile litiwe, kisha wali upaliwe dakika 20.

Ukikosea, jua sababu. Wali ukiwa bokoboko, umezidisha tui au umekoroga mno. Ukiwa na kiini, tui lilipungua au moto ulikuwa mkali likakauka kabla ya punje kunywa. Nyunyiza nusu kikombe cha maji ya moto, funika, uuache katika moto mdogo sana. Ukinusa kuungua, usikoroge: hamishia wali wa juu katika chombo kingine na uache ukoko mahali pake. Watoto wataugombania.

Afya na kiporo

Haki ya msomaji haitatimia tukisifia utamu tu. Karibu theluthi moja ya nyama ya nazi iliyokomaa ni mafuta, na sehemu kubwa yake ni yale mafuta magumu ambayo Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi asilimia 10 ya nishati tunayoipata kwa siku. Wazee wetu walikula wali wa nazi huku wakilima, wakivua na kutembea kwa miguu. Sisi tunaokaa vitini tangu asubuhi tuupunguze sahanini, tuujazie mboga za majani na samaki, na tusiutie nazi mchuzi na mboga kwa mlo ule ule. Mwenye kisukari au presha afuate ushauri wa daktari wake.

Tahadhari nyingine ni ya kiporo, hasa katika mwezi wa Ramadhani ambapo wali wa futari huwekwa mpaka daku. Mchele unaweza kuwa na vijidudu viitwavyo Bacillus cereus, ambavyo mbegu zake hazifi kwa kupikwa. Wali ukikaa katika joto letu la pwani saa nyingi, vijidudu hivyo huamka na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupasha moto. Tui nalo huchacha upesi. Basi wali utakaobaki utandazwe upoe haraka, uingizwe kwenye friji kabla saa mbili hazijapita, na upashwe mara moja tu mpaka utoe mvuke. Asiye na friji apike wa kutosha mlo mmoja, na ukizidi ampelekee jirani ungali moto. Sisi tumefundishwa kuuongeza maji mchuzi ili jirani apate. Sembuse wali uliokwisha kuiva?

Elimu ni amana

Tumwulize kila mwenye mkono mzuri katika nyumba zetu: ni nani amempa elimu hiyo? Wazee wanaondoka mmoja mmoja, na kila mmoja huondoka na kikombe chake kisichoandikwa. Tukae nao jikoni wangali hai, na daftari liwe karibu na chumvi. Na tusiwaite mabinti peke yao. Kijana wa kiume anayekwenda chuoni au kazini mji wa mbali naye anahitaji kula, na Bibi Aisha (r.a.) amepokewa akieleza kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake. Hakuna aibu kwa mwanamume kukuna nazi.

Kwa akina mama wakwe tuna ombi maalumu. Mke wa mwanao amekuja na mikono yake, nawe una miaka 30 au 40 ya kutazama chungu. Wali wake ukiharibika, ingia naye jikoni kesho yake, mpike pamoja, umwambie sababu. Ukitazamana na wageni, umemfundisha kukuogopa tu.

Juma lililopita tuliitwa tena katika nyumba ile ya Idi. Bi harusi alipika peke yake, na kikombe chetu cha robo lita kilikuwa kimeanikwa dirishani. Wali haukufikia ule wa Bibi. Ulikuwa na chumvi kidogo kuliko ilivyopasa, na ukoko ulikuwa mnene. Lakini punje ziliachana, na harufu ilitupokea mlangoni. Mama mkwe alipakua mara ya pili, akala mpaka akamaliza, kisha akamwita mkwewe aketi karibu naye.

“Tui umetia vikombe vingapi, mwanangu?” alimwuliza.

“Sita na viwili, mama.”

“Niandikie,” akasema. “Mimi sijawahi kuhesabu.”